Helmeti ya Kupokezana

Leo nimepita duka la viatu vya mtumba hapa mtaani Bertrams, harufu ya jasho lililochacha ikanikumbusha helmeti moja ya zamani. Nilikuwa mdogo, na kaka yangu alichezea klabu changa ya mpira wa Kimarekani ambayo helmeti zake zilikuwa chache, wachezaji wakizivaa kwa kupokezana. Siku moja mwenzake alitapika ndani ya helmeti, akatolewa nje. Kocha akaipangusa kwa soksi, akampa kaka.

"Vaa, ingia!"

Sponji ya ndani ilikuwa bado inateleza kwa ute wa njano. Mama, aliyekuwa akitazama nami pembeni, akaingia uwanjani, akaipokonya na kuibwaga chini.

"Mwanangu si jalala!"

"Eish, mama, ni mchezo tu," kocha akacheka.

Kaka akaiokota, akaivaa.

Walishinda. Kaka alikuja mbio kumkumbatia mama, mashavu yakimchuruzika ute ule wa njano, na mama akarudi nyuma.