Tulia Kwanza

Vidonge vile vilinifukuzia sauti zote kichwani, hilo sikatai. Nilipougua akili baada ya kujifungua zilikuwa zikinipigia kelele kutwa; nilipoanza dawa, kimya. Ila sauti zilipotoka kichwani, sijui nini kikaingia miguuni. Kukaa nikawa siwezi. Nikikaa, ndani nawaka. Nikienda, nataka kurudi. Jamani, mateso!

Na mwanangu alikuwa kwa mama mkwe, Buzebazeba, mtaa wa hapahapa mjini. "Sikunyimi mtoto, mwanangu," aliniambia kila nikienda, "tulia kwanza." Nitulie vipi? Nilikuwa namwamkia "Shikamoo mama" sebuleni, "marahaba" yake inanikuta uani. Akaona ugonjwa umerudi. Hospitali nao waliposikia situlii, wakaniongezea dozi. Lahaula! Hapo nikawa natembea hata nikila.

Walionipenda ni kina mama wenzangu wa Kibirizi, tuliokuwa tukianika dagaa mchangani kando ya ziwa. Dagaa wanataka kugeuzwa, na mimi nataka kutembea; basi niligeuza wangu, wa jirani, mpaka wa watu nisiowajua. Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wakishuka pale, maboti kwa maboti. Siku moja kijana aliyekuwa akiwagawia uji aliniona navyokwenda na kurudi, vumbi mpaka magotini, akanionea huruma.

"Pole mama. Umetembea kutoka mbali?"

"Buzebazeba," nikamjibu.

Akanipa uji hivyohivyo. Niliunywa huku naondoka.

Siku ya kliniki nilikwenda na hasira zangu. Daktari akaanza, "Naona bado hujatulia, tuongeze kidogo..." Nikamkatiza: "Ongeza, baba, na wewe umeze, tuone nani atatangulia kufika Ilagala kwa miguu!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Ni mawazo yanayokutuma utembee, au ni miguu tu?"

"Miguu! Mimi mwenyewe nataka kulala na mtoto wangu." Nililia palepale, huku naizunguka meza yake. Akasema basi si ugonjwa, ni dawa. Akapunguza dozi, akanipa na vidonge vingine vya kuituliza hiyo miguu.

Haikuisha mara moja. Ila asubuhi moja pale Kibirizi niligeuza ndoo, nikakaa juu yake, nikatulia. Weee! Kina mama wakashikana mikono. "Leo amekaa! Amezidiwa huyu, mwiteni mkwewe!"

Mama mkwe akaja anahema, mtoto mgongoni. Alinikuta palepale kwenye ndoo, dagaa hawajageuzwa. "Shikamoo mama," nikasema, na marahaba nikaipokea nimekaa. Alinitazama, akatazama miguu yangu, akanitazama tena. Akafungua kanga akanipakatisha mtoto mapajani.

Mtoto akalala. Mguu ukafa ganzi, mkojo ukanibana, jua likanichoma utosi. Jirani yangu akasogea: "Nipe nikushikie, ukanyooshe miguu."

"Thubutu!" nikamwambia. "Kageuze dagaa wako."