Kondoo Aliyetafuna Zulia

Mama mdogo Lorena hutengeneza mazulia ya kufumwa kwa mkono hapa kijijini kwetu Ganado, kwenye baridi kali. Wiki ya arusi ya mjukuu wake, kondoo wake mzee, Meya, alitafuna pembe ya zulia ambalo maarusi wangelikalia. Lilifumwa na marehemu bibi, mama yake mama mdogo, kwa sufu ya kijivu isiyotiwa rangi, ya kondoo wa ukoo wa Meya, na Meya ndiye wa mwisho wa ukoo huo.

“Nikuletee uzi wa dukani, mama mdogo?” niliuliza.

“Wa dukani? Marehemu afufuke anichape? Mkamate huyo! Kala mwenyewe, atatoa mwenyewe.”

Tulimkimbiza Meya kuizunguka nyumba mara nne katika theluji. Mara ya tano yeye ndiye aliyetukimbiza. Hatimaye mama mdogo alimnyoa ubavuni, akaichambua sufu, akaisokota na kuifuma hadi pengo likazibika.

Siku ya arusi hakuna aliyegundua zulia lilipozibwa. Wote walimtazama Meya, amesimama mlangoni kavishwa sweta la baba mdogo ili ubavu wake usipigwe na baridi, naye anautafuna mkono wa sweta hilo kwa utulivu.

“Mama mdogo, analila!”

“Mwache ale. Hilo ni la dukani.”