Salamu za Mzee Kimeli

Kila asubuhi, kabla hata ya kuonja chai, Mzee Kimeli hufungua mgongo wa redio yake, akatoa betri nne na kuzipanga dirishani kama mtu anayeanika mahindi. Betri iliyokufa ikipigwa na jua hufufuka kidogo. Hiyo ndiyo imani yake. Nyumba ya bintiye Chesang, hapo mtaa wa Rhonda mjini Nakuru, ina stima ukutani, lakini mzee hataki kusikia habari za waya.

"Baba, toa takataka zako hapo," Chesang alimwambia Alhamisi hiyo. Cherehani yake ilikuwa chini ya dirisha, na sketi za shule zimerundikana kando. "Betri ikivujia sare za watoto wa watu, mimi ndiye nitatukanwa."

"Nilianza kuanika betri kabla hujazaliwa."

"Na mpaka leo hazijaiva."

Ndivyo walivyoishi tangu kiharusi kiulemaze mkono wa kulia wa mzee: miaka mitatu ya kurushiana maneno kama majirani wanaogombania mpaka. Chesang ndiye aliyempikia, akamfulia, akampeleka kliniki. Sasa alikuwa amefika mwisho. Alikuwa amempigia simu kakake Kipruto, anayefanya kazi kwenye shamba la maua karibu na Kamere, akamwambia neno moja: Jumamosi njoo umchukue, ama nimlete mwenyewe nimwache mlangoni kwako. Begi lilikuwa limeshafungwa, limekaa nyuma ya mlango. Mzee alikuwa akiliona kila alipotoka.

Saa nne akarudisha betri ndani, na redio ikaanza kukwaruza. Ikaleta tanzia. Samson Ndung'u, mwimbaji wa kantri kutoka Gilgil, amefariki. Jumapili kutakuwa na kipindi cha salamu cha kumuaga, mtangazaji akasema, na kadi za salamu zifike ofisi ya redio mjini kabla ya Ijumaa jioni.

Mzee akazima redio. Mguu wa Chesang nao ulisimama juu ya kanyagio la cherehani, ingawa hakutaka.

Ndung'u alivaa kofia pana na buti ndefu, akaimba juu ya ng'ombe waliopotea, wake waliotoroka na mvua iliyokataa kunyesha. Siku hizo Kimeli alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano huko Njoro. Wenzake walimcheka: Mkalenjin na nyimbo za Mkikuyu, wapi na wapi? Akawajibu kwamba gitaa halina kitambulisho. Kila Jumapili saa nane alikaa mbele ya nyumba, redio kwenye kigoda, na Chesang wa miaka minane juu ya debe kando yake, ameshika eriali iliyovunjika kwa vidole viwili. Akiiachia tu, Ndung'u alizama kwenye makelele. Mkono ulimfa ganzi, na bado hakuachia.

Kulikuwa na kitu alichokisubiri. Baba yake alikuwa mtu wa kadi za salamu. Kila wiki alijaza moja kwa mwandiko wake wa kulala, akaipeleka posta, na kabla ya wimbo wa Ndung'u mtangazaji aliisoma: Kimeli wa Njoro anamsalimu mwanawe Kipruto aliye shule ya bweni, dadake Cheruto huko Kericho, Hemed wa spea mjini Nakuru, na wengine wote wanaomfahamu. Jumapili baada ya Jumapili. Kipruto hakusikia hata moja, maana bwenini redio ilikuwa marufuku. Na aliyesikia zote hakutajwa. Alikua akijihesabu miongoni mwa wengine wote.

"Chukua kalamu," mzee alisema. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ametoa kadi kwenye Biblia, kadi ya zamani iliyogeuka rangi ya chai. "Mimi siwezi kuandika."

"Nina kazi."

"Kazi itakungoja. Ndung'u anazikwa."

Chesang akaivuta kadi kama anayemnyang'anya mtu.

"Kipruto, Kamere."

"Kipruto ambaye hajakanyaga hapa tangu Krismasi ya mwaka juzi."

"Andika."

Akaandika, kalamu ikikaribia kutoboa kadi.

"Cheruto, Kericho. Hemed wa spea, Nakuru."

"Hemed alikufa, Baba. Ulienda matanga mwenyewe."

"Basi Mastura, mkewe. Alihamia Mombasa." Mzee akafikiri kidogo. "Na wengine wote wanaonifahamu."

Chesang akaitupa kalamu. Ikagonga chuma cha cherehani, ikabingirika chini ya sketi.

"Ongeza na begi lako kwenye hiyo kadi," alisema. "Jumamosi unaenda kwa huyo Kipruto wako akuoshe, akukatie nyama. Lakini kwanza utanijibu kitu kimoja. Kadi ilikuwa na mistari kumi. Mbona hukuniandika hata siku moja?"

Mzee alimkazia macho, amekunja uso, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Salamu hutumiwa mtu aliye mbali," akasema. "Wewe ulikuwa umeshika eriali."