Mate ya Kupunguza Kilo

Mjukuu wangu wa kike hucheza taekwondo. Alipoanza kukataa chai ya asubuhi, mimi nikajua amefunga sunna. Nilifurahi, nikawatangazia majirani wote hapa Likoni, maana mtoto wa siku hizi kufunga bila kusukumwa si jambo dogo. Magharibi nikamtengea tende na uji wa pilipili manga. Hakugusa.

"Nimeshiba, nyanya."

Ameshiba nini?

Kesho yake adhuhuri nikatoka uani kuanua nguo. Namkuta juani, amevaa koti la mvua juu ya sweta, aruka kamba, na kila akipumzika yuwatema mate kwenye chupa ya soda. Chupa imefika nusu. Mate yana povu, yavutika kama ulimbo.

"Wafanyani, weye?"

"Kesho twapimwa uzani, nyanya. Kocha asema hata mate ni uzito. Nikizidi, natolewa timuni."

"Na saumu?"

"Saumu gani?"

Nimeosha vinyesi vya watoto, nimeosha na maiti. Sijapata kushikwa na kinyaa kama kile.

Alasiri kocha akaja kumchukua ampeleke mazoezini, kijana wa bara, mpole wa maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe wafundisha watoto kutema mate?"

"Ni kawaida, mama. Hata mabingwa hufanya. Akishapimwa, atakula."

"Dalali wa mbuzi humnywesha maji mnyama wake azidi uzani. Wewe wamkausha wako apungue. Bora dalali, mbuzi wake hunywa!"

Akacheka. Mtoto akainama kuchukua mkoba wake, akaanguka chini. Midomo imepasuka, ulimi mkavu kama kitambaa. Kocha akaacha kucheka.

Nikamnywesha maji ya sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko, kisha uji. Alikunywa huku alia.

"Umenitoa timuni, nyanya."

"Nimekutoa. Nikasirikie ukiwa hai."

Kocha akasema kwa sauti ndogo kwamba uko uzani wa juu, ila wasichana wa huko ni wakubwa.

"Basi mfundishe kupigana na wakubwa. Ndiyo kazi yako, au kazi yako ni mate?"

Kesho yake alipanda mizani na tumbo lake limejaa. Akapangwa na wakubwa kwenye mchujo wa timu, akapigwa teke la kifua, akashindwa. Timu ikaenda mashindanoni bila yeye.

Mpaka leo hanisemezi vizuri. Nampakulia wali na samaki, yuwala, sahani airudisha tupu bila kunitazama.