Shule mbili za msingi pembeni ya Bariadi, na jinsi baba alivyochagua

Wakuu, mwangaluka.

Kuna mama ameuliza humu, kati ya shule za serikali za pembeni ya mji wa Bariadi ipi nzuri. Mmemjibu majengo, mmemjibu vyoo, mmemjibu ufaulu. Mimi niliishia la nne, kusoma nimekuja kujifunzia ngumbaru, ukubwani, kwa hiyo mtanivumilia. Ila haya niliyaona mwenyewe.

Ni enzi za Ujamaa, bado tuko Mkoa wa Shinyanga. Serikali imesema kila mtoto aende shule.

Baba yangu alikuwa mfugaji, hajui hata a. Barua za baba mdogo aliyekuwa Geita alisomewa dukani kwa Mzee Salehe, mbele za watu. Siku moja barua ikasema baba mdogo amekimbiwa na mke. Duka zima likacheka.

Baba alirudi amenuna. Akasema, "Wanangu ndio watakaonisomea, ndani ya nyumba yangu."

Shule zilikuwa mbili, umbali sawa. Moja barabarani, njia ya Dutwa. Nyingine ng'ambo ya mto. Baba akapanda baiskeli akaenda kuzilinganisha.

Kila shule ilikuwa na shamba lake la pamba, ndiyo Elimu ya Kujitegemea yenyewe. Baba akakagua kitu anachokijua.

Ya barabarani, pamba imemezwa na magugu. Ya ng'ambo, mistari imenyooka, gugu hata moja hulioni.

"Mama Kabula," akamwambia mama, "kule barabarani walimu wavivu. Wamejifungia ndani, watoto wanapiga kelele mchana kutwa. Ng'ambo ndiko kuna wanaume."

Zile kelele, wakuu, ni watoto walikuwa wanasoma.

Tukaandikishwa ng'ambo siku moja, darasa moja, mimi na dada yangu Kabula. Mwalimu mkuu aliitwa Gamalieli. Namtaja makusudi. Kama ana watoto humu, wasome.

Asubuhi tunakaguliwa kucha, tunaimba, tunachukua majembe. Darasani tunaingia mvua ikinyesha.

Kabula alikuwa na mdomo huyo! Ukimuuliza yuko darasa la ngapi anakujibu, "Niko jembe la nne." Hata mama alikuwa anacheka.

Katibu kata, Nkwabi, alikuja kila msimu kuisifia pamba yetu. Sijawahi kumuona anafungua daftari la mtoto hata mmoja. Naye namtaja.

Tukiwa la nne ikaja barua. Baba akampa Kabula, akavuta kigoda akakaa.

Kabula akasoma, "Salamu nyingi kaka." Akakwama. Akarudia, akakwama palepale.

Baba hakumpiga. Alisema tu, "Shule nzuri vile, wewe unachezea." Akaikunja barua akaenda nayo dukani.

Kabula hakula siku hiyo.

Wiki ileile Gamalieli akatangaza anataka wa kupiga dawa ya wadudu. Watakaojitolea atawafundisha kusoma jioni, peke yao. Kabula alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikamfuata.

Tukabeba mabomba ya dawa mgongoni, miguu peku, puani hakuna hata kitambaa. La Kabula lilikuwa linavuja.

Akaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, linanilowesha mgongo wote."

Gamalieli amekaa kivulini. "Maliza mistari yako kwanza. Mtoto wa Msukuma unaogopa kulowa?"

Akamaliza.

Tulipotua mabomba akaanza kutokwa mate, mwili unatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikakimbia kumwita baba. Baba akampakia kwenye baiskeli kwenda zahanati. Alifika na maiti.

Bomba langu mimi lilikuwa halivuji. Ndiyo sababu naandika hapa.

Gamalieli akasema mtoto alikuwa na degedege. Nkwabi akaandika hivyohivyo. Msimu ule shule yetu ikapewa bendera ya pamba bora.

Matanga yalipokwisha baba akanitolea daftari la Kabula, la mwaka mzima. Akawa anafunua, anafunua. Kurasa sita zina maandishi. Zilizobaki nyeupe.

Akaniuliza taratibu, "Hizi nyeupe zinasemaje?"

Hizo nilikuwa najua kuzisoma. Nikamwambia, "Ni siku za pamba, baba."

Hakunirudisha shule. Barua zikaendelea kusomwa dukani mpaka anaingia kaburini. Katika rika letu lililosoma ya barabarani, kwenye magugu, wawili wakawa walimu.

Gamalieli na Nkwabi ndio waliomuua dada yangu. Baba simuweki humo. Alilinganisha kwa macho aliyokuwa nayo, ingawa kuna siku hasira inanipanda hata kwake.

Kwa hiyo mama uliyeuliza, achana na rangi ya ukuta. Nenda siku ya kawaida, usitoe taarifa. Omba daftari la mtoto anayekaa nyuma kabisa, ulifunue mpaka mwisho. Nyeupe kila mtu anaiona, hata asiyejua kusoma.

Na mimi naomba msaada wenu. Mjukuu wangu anaanza la kwanza Januari, naye tumemwita Kabula. Mwenye mtoto kwenye shule hizi za pembeni ya mji aniambie hapa daftari la mwanawe limejaa hadi ukurasa wa ngapi.

Andikeni hata marefu. Miwani ninayo, nitasoma polepole.