Ushuru wa Watu Baki

Mimi ni mkali, sikatai. Nilikuwa hivi hata kabla hatujahamia Lurambi, na mwenzangu alikuwa akinicheka. "Hasira yako inachemkanga haraka kuliko chai," aliniambia, nami nikazidi kununa ili anicheke tena. Tuliishi pamoja miaka kumi na minane, wanawake wawili, tukipendana kama watu wowote waliooana. Ploti ilikuwa kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya mshahara; nyumba tuliijenga sote. Jumamosi yeye alichinja kuku, ingokho wa kienyeji, mimi nikasonga obusuma, ugali wetu, tukala sebuleni kabla hata ya kuweka madirisha. Jamani, raha ile!

Majirani tuliwaambia mimi ni mpangaji. Tulijiona wajanja. Hata ndugu zake walipokuja Krismasi kutoka Navakholo, nilihamia chumba cha nyuma, nikabisha hodi kabla ya kuingia jikoni mwangu mwenyewe.

Alipoanza kuugua figo, alitaka ploti iwe yangu. "Nikienda, watakutoa hapa," alisema. Tukaenda ofisi ya ardhi. Karani, mama mmoja mpole, akatueleza: mume akimpa mkewe ardhi, au mke akimpa mumewe, hawalipi ushuru wa stempu. Watu baki hulipa, tena kwa bei ya ardhi ya sasa. Na Lurambi siku hizi bei haishikiki.

"Nyinyi mnahusianaje?" akauliza.

Nikamtazama mwenzangu. Mtu aliyewahi kumfukuza mwizi na mwiko mkononi, akainamisha kichwa. "Ni mpangaji wangu."

"Mpangaji? Na unampa ploti bure?"

Wee! Nilitoka mle nimevimba. Nyumbani akanishika mkono. "Nisamehe. Mdomo umezoea." Nikamsamehe, ningefanya nini? Hata angesema kweli, sheria isingetutambua, na ushuru ungekuwa uleule. Tukaanza kuweka pesa kidogo kidogo, lakini kila tulipokaribia, zilienda kwa dawa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alifariki mahindi yakiwa ya magotini, hati bado ina jina lake peke yake.

Mazishini Navakholo nilikaa kwenye hema la majirani. Mtu akanipa pole kwa kumpoteza mwenye nyumba mzuri. Nikasema asante. Nilitamani kupiga mayowe, lakini mayowe ni ya wenye maiti.

Ndugu zake si watu wabaya, nisiwasingizie. Walinipa muda nivune mahindi yangu kwanza. Wiki iliyopita kaka yake mkubwa alikuja na boda boda kunisaidia kubeba magunia kutoka shambani. Akatua la mwisho barazani, akajifuta jasho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, umeshapata nyumba ingine?"