Pamba Niliyomfungia Nyiransaba

Mwanangu, mjukuu wangu, kwa kuwa sasa umevaa nguo nyeupe ya kazi ya hospitali, kaa hapa nikwambie jambo ambalo hata babu yako alikufa bila kulijua. Siku hiyo naikumbuka vizuri. Ilikuwa Goma ya Wabelgiji, nami nina miaka ishirini, msaidizi wa wakunga, najiona mtu mbele ya watu kwa sababu ya aproni na Kifaransa nilichofundishwa na masista.

Asubuhi aliletwa Nyiransaba, mke wa mkulima wa upande wa ziwa la Lac Vert, pamoja na mama mkwe wake. Mimba yake ya kwanza, ya miezi mitano, ilitoka palepale hospitalini. Daktari alikuwa Mzungu, na si mtu mbaya. Alinieleza kwamba wenzake huko kwao wanachunguza kama nyama changa ya kitoto kama kile inaweza kupandikizwa ndani ya mgonjwa ikamponya. Alitaka kukiweka kwenye chupa ya dawa awapelekee. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Uliza mama kwanza. Kama anakataa, tunaacha."

Sikuuliza. Nilijua kwao mimba iliyotoka huzikwa na wanawake wa nyumba, nyuma ya jiko, kwa hiyo nilijua atakataa. Nami nilitaka daktari anione nina faida. Nilienda hadi kitandani, nikamnyoosha blanketi, nikarudi kumwambia daktari kwamba mama amekubali. Ilikuwa rahisi hivyo, na hadi leo naona haya kuisimulia.

Mchana Nyiransaba akaniita. "Mama, munipatie mutoto wangu. Mama mukwe anangoja, tumuzike."

Chupa ilikuwa bado chumba cha pili. Ningeweza kuungama. Badala yake nilichukua pamba, nikaikunja, nikaifunga kwa kitambaa cheupe, tena kwa uzuri, nikampa kana kwamba ndiye mtoto, nikamwambia asifungue kwa sababu hospitali hairuhusu. Alikipokea kwa mikono miwili.

Baada ya majuma matatu alirudi na kikapu cha maharagwe. "Nimekuletea wewe," alisema. "Ulimufunga mutoto wangu muzuri. Haukumutupa." Nikayapokea, mwanangu. Niliyapika, lakini sikuyala.

Nikamweleza mkunga wetu mkubwa, Mama Kahindo. Alinisikiliza, akauliza, "Ulimuuliza ule mama?" Nikasema hapana. "Basi usiseme ni docteur. Ni weye. Enda umwambie."

Nilikwenda. Kutoka njiani nilimwona nyuma ya jiko lake, amepiga magoti, anang'oa majani kuzunguka mawe matatu aliyoyapanga juu ya kaburi, huku akizungumza polepole na mtoto wake. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Aliitunza pamba ile mpaka alipokufa, wala hakuna aliyemwambia.

Mwanangu, siukatai uchunguzi wa waganga. Labda umeponya wengi. Lakini usichukue cha mwili wa mtu kabla hujamuuliza kwa lugha anayoisikia, ukangoja jibu, na akikataa ukalifikisha vilevile alivyolisema. Usimjibie aliyelala hoi. Na ukikosea, ungama siku hiyohiyo, maana kila siku unayochelewa, unamwachia mwenzako uongo mwingine wa kuutunza.

Mungu akupe moyo wa kuuliza na masikio ya kupokea hapana. Akupe na ujasiri wa kumalizia ile njia niliyoishia katikati.